Mrushaji wa besiboli wa miaka 16, Mombasa: afikaje kwenye drafti ya MLB?

Mjomba_Kisauni

Salaam aleikum wana jukwaa. Nauliza kwa niaba ya kijana wa familia, na naomba wanijibu wanaoijua besiboli kwa undani.

Umri miaka 16 na miezi minne. Yuko kidato cha tatu, KCSE mwakani. Ni shoto, urefu sentimita 184, uzito kilo 68. Alitoka kwenye kriketi na ana miaka miwili ya besiboli. Kipima kasi cha kuazima kilisoma kati ya 131 na 134 km/h kwa mpira wake wa kasi. Katika kila mipira 100, straiki (mipira inayopita eneo halali la kupigwa) ni kama 55. Ana mpira wa pole anaouamini, na ameanza kujifunza wa kupinda.

Nataka kujua fomu ya drafti, ule uchaguzi wa wachezaji wapya wa MLB (ligi kuu ya besiboli Marekani), huombwa wapi na umri wa mwisho ni upi. La pili, aondoke sasa au amalize KCSE kwanza? La tatu, kuna mtu amejitambulisha kuwa wakala, ataka shilingi 150,000 "za kumwandikisha drafti". Ni halali hiyo? Na la mwisho, hatuna kilima cha kurushia. Hurusha pembeni mwa uwanja wa kriketi, ardhi sawa kabisa. Yamdhuru?

Mtazama_Straiki

Ndugu Mjomba, naanza na la pesa kwa sababu ndilo la haraka. Usitoe hata shilingi. Drafti haina fomu, haina ada, na hakuna mtu duniani anayemwandikisha mchezaji humo kwa malipo. Klabu 30 za MLB huchagua zenyewe, zamu kwa zamu, kila Julai, raundi 20. Mpaka 2019 zilikuwa raundi 40, kwa hivyo nafasi zimepungua sana. Wakala wa kweli hulipwa asilimia ya mkataba uliokwisha kusainiwa, na jina lake huwa kwenye orodha ya chama cha wachezaji, MLBPA. Tena, makubaliano ya mapema na wakala yaweza kumharibia kijana haki ya kuchezea chuo Marekani. Hasara ni mara mbili.

Sasa kuhusu drafti yenyewe. Kijana anayeishi na kusoma Mombasa hayumo kwenye drafti kabisa. Drafti ni ya wakazi wa Marekani na Kanada, pamoja na Puerto Rico na maeneo mengine yaliyo chini ya Marekani, na ya wageni waliojiunga na sekondari au chuo cha huko. Aliye nje ya hapo huitwa mchezaji huru wa kimataifa. Yeye husaini moja kwa moja na klabu yoyote inayomtaka, katika dirisha linalofunguliwa Januari 15 na kufungwa Desemba 15.

Kwa hivyo milango ni miwili, na ukishaingia mmoja ule mwingine unajifunga. Siku atakayoanza masomo katika shule au chuo cha Marekani ataingia kundi la drafti, hata kama pasipoti yake ni ya Kenya, na hawezi tena kusaini kama mchezaji huru wa kimataifa. Akisaini kwanza na klabu, besiboli ya vyuo vya NCAA (shirika la michezo ya vyuo Marekani) inamtoka. Watu wengi hawalitambui hili mpaka wameshachagua bila kujua kwamba wamechagua.

Afrika ina mifano ya njia zote mbili. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alisaini na Pittsburgh Pirates mwaka 2008 kama mchezaji wa kimataifa, akafika ligi kuu Aprili 26, 2017, Mwafrika wa kwanza kabisa. Tayler Scott, mrushaji mzaliwa wa Johannesburg, alisoma sekondari Arizona, kwa hivyo akapitia drafti: Chicago Cubs walimchukua raundi ya tano mwaka 2011, na ligi kuu akaiona 2019. Hesabu hiyo miaka: tisa kwa mmoja, minane kwa mwenzake. Karibu na kwetu, warushaji wawili wa Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male, walisaini na Los Angeles Dodgers mwaka 2022, na Mganda mwingine, David Matoma, alisaini na Pirates. Wote watatu hawakupitia drafti.

Kijana wako kwa 134 km/h hajafika bado, ila hayuko mbali kwa umri wake. Wastani wa mpira wa kasi wa ligi kuu ni kama 151. Skauti (mtafuta vipaji) wa kimataifa akimwona shoto mrefu wa miaka 16 mwenye 134, atauliza anaelekea wapi: mabega, kiganja, jinsi mkono unavyopita, kilo ngapi bado zinaweza kuongezeka. Huyo ni wa kuandikwa kwenye daftari, si wa kupewa kalamu asaini. Afikishe 142 hadi 145, mazungumzo yatabadilika.

Mjomba_Kisauni

Ahsante sana ndugu yangu. Huyo "wakala" nishamwambia hapana. Ila nimesikia kwamba kusaini kimataifa mwisho ni miaka 16, akipita hapo basi. Ni kweli?

Mtazama_Straiki

Si kweli, 16 ni mwanzo wala si mwisho. Lazima awe ametimiza 16 siku ya kusaini, na 17 aitimize kabla ya Septemba 1 ya msimu wake wa kwanza. Juu yake hakuna kikomo cha kumzuia kijana wa 18 au 20. Uvumi huo watoka Jamhuri ya Dominika na Venezuela, ambako klabu hukamilisha fedha zake kubwa kwa watoto wa 16, kwa hivyo anayechelewa hukuta mfuko umepungua. Kwa Mwafrika si hoja kubwa, kwa sababu mkataba wenye bonasi ya dola 10,000 au chini yake hauhesabiwi kwenye mfuko wa klabu, yaani kikomo chake cha bonasi za kimataifa. Skauti anaweza kumjaribu mtu bila kuomba ruhusa nyingi. Ubaya wa hilo ni kwamba klabu iliyomlipa mtu kidogo humwacha upesi, haina cha kupoteza.

Pia jueni aendako. Wengi hupelekwa kwanza Jamhuri ya Dominika, kwenye kambi za klabu. Kocha huko huzungumza Kihispania kutwa. Akipata mwalimu wa Kihispania hapa Mombasa, hata mara mbili kwa wiki, asidharau.

Udongo_na_Uzi

Mimi najibu la kilima na la kipimo tu, maana hapo ndipo vijana wetu hupotea.

Ardhi sawa haimuumizi, na kwa mazoezi mepesi ni nzuri. Shida ni kwamba kilima huteremka. Mguu wa mbele uliozoea ardhi sawa hutarajia kugusa chini mapema. Kwenye kilima ardhi iko chini zaidi, mwili unatangulia, mkono unabaki nyuma na mpira unapaa juu ya mdakaji. Skauti akimpandisha kilimani siku ya kwanza ataona mipira mitano mfululizo juu ya kichwa cha mpigaji, na hataelewa kwamba sababu ni kilima tu.

Vipimo vya kweli ni hivi. Kutoka ukingo wa mbele wa kibao cha mrushaji hadi ncha ya nyuma ya sahani ya mpigaji ni mita 18.44. Kibao ni sm 61 kwa 15. Uso wake uko sm 25 juu ya usawa wa sahani. Sm 15 mbele ya kibao ni bapa, kisha mteremko unaanza: kila sm 30 ardhi ishuke sm 2.5. Kwa mwendo huo kilima kinaishia kama mita 3 mbele.

Msikichimbe kiwanja cha kriketi, mtafukuzwa. Tafuteni pembe ya uwanja. Mchanga wetu wa pwani na kifusi cha matumbawe havishikani, ukikanyaga mara kumi kunakuwa shimo. Chini wekeni murram ishindiliwe, juu yake sm 10 hadi 15 za udongo wa kichuguu uliochekechwa. Mwagieni maji kidogo, shindilieni tabaka la sm 2 au 3 kwa wakati mmoja, acheni lipumue, kisha lifuatalo. Anayemwaga udongo wote mara moja hupata ganda gumu juu na tope ndani. Kupima, pigeni vigingi kila sm 30, fungeni uzi, tumieni pima maji ya fundi mwashi. Kibao cha mbao ngumu kilichopigiliwa mpira wa tairi juu chatosha. Masika ikija, turubai.

Mahali pa kuangalia kila siku ni pale mguu wa mbele unapotua. Hatua ya mrushaji huwa kati ya asilimia 85 na 100 ya urefu wake, kwa hivyo kwa huyu ni kati ya sm 156 na 184 kutoka kibao. Hapo patachimbika. Akimaliza, pafagiliwe, pajazwe udongo mbichi, pashindiliwe. Anayerushia kwenye shimo hufupisha hatua bila kujijua, na kiwiko ndicho hulipa.

Kuhusu kasi: kipima kasi cha kuazima hakiko kila wiki, lakini simu ipo. Rekodini kwa picha 240 kwa sekunde, simu ikae kwenye stendi upande, ione mkono na wavu kwa pamoja. Tundikeni wavu palepale kwenye ncha ya sahani. Mpira hutoka mkononi kama mita 1.8 mbele ya kibao, kwa hivyo unasafiri takriban mita 16.6. Hesabuni picha tangu mpira uachane na vidole mpaka uguse wavu. Zikiwa 112, ni sekunde 0.467, yaani wastani wa 128 km/h. Mpira hupungua kasi njiani, kwa hivyo ongezeni asilimia 4 kupata kasi ya kutoka mkononi: kama 133. Kukosea picha moja ni kukosea kama km/h moja tu. Ukitumia video ya kawaida ya picha 30, kosa la picha moja ni karibu km/h 10, hiyo haifai kitu.

Na jambo moja la hapa kwetu: mpira wa ngozi hunywa unyevu. Uzito halali ni gramu 142 hadi 149. Ligi kuu, tangu 2022, viwanja vyote 30 huweka mipira kwenye kabati la kudhibiti unyevu. Sisi tuna hewa ya bahari. Ipimeni kwenye mizani ya dukani kabla ya mazoezi, ikizidi 149 iwekeni kando ya kudakia tu, wala msiikaushe juani maana ngozi hupasuka kwenye mshono. Ndoo yenye kifuniko kinachobana inasaidia.

Kiwiko_Kwanza

Kabla ya kutafuta 145 km/h naomba sana mtafute daftari. Kila mpira anaourusha kilimani uandikwe.

Mwongozo wa Pitch Smart wa MLB na USA Baseball kwa miaka 15 na 16 ni mipira 95 kwa siku, hapo ndipo mwisho. Akirusha 31 hadi 45 apumzike siku moja, 46 hadi 60 siku mbili, 61 hadi 75 siku tatu, 76 na kuendelea siku nne. Akifika 17, kikomo kinakuwa 105. Kwa mwaka asizidi ingizi (vipindi vya mchezo) 100, na awe na miezi minne bila kurusha, miwili au mitatu kati yake ikifuatana. Kwetu mpangilio unajileta wenyewe: masika, kati ya Machi na Mei, uwanja umelowa, mkono ulale. Afanye miguu, mgongo na tumbo.

Hapa kriketi ndiyo mtego. Jumamosi anatupa mpira toka mpakani mara thelathini, Jumapili anapanda kilimani "freshi". Mkono hauna daftari mbili. Kutupa toka mpakani kuhesabiwe. Kupiga bola kwa kriketi ni mwendo tofauti, kiwiko hukaa karibu kimenyooka, lakini bega linachoka vilevile. Na asiwe mrushaji na mdakaji katika mechi moja.

Umri wake una hatari yake. Mfupa wa ndani ya kiwiko bado una sehemu laini ya kukua, na hiyo hujeruhika kabla ya kano. Kwa hivyo mipira mizito ya mazoezi asiiguse sasa, hata kama video za mtandaoni zaahidi kasi kwa wiki sita. Mpira wa kupinda aupunguze: mmoja katika kila kumi unatosha mpaka straiki zipande toka 55 hadi 60 na zaidi. Mpira wa pole ndio silaha yake, aushughulikie huo, mkono uende kwa kasi ileile ya mpira wa kasi na kushika kwa kina zaidi kiganjani ndiko kupunguze mwendo. Akiupunguza mkono wenyewe, mpigaji mzuri atamsoma.

Maumivu ya misuli nyuma ya bega kesho yake ni ya kawaida. Maumivu upande wa ndani wa kiwiko si ya kawaida hata yakiwa madogo. Aache siku hiyohiyo, apigwe picha, aonwe na daktari wa mifupa. Upasuaji wa kano ya ndani ya kiwiko, ambao Frank Jobe aliufanya kwanza mwaka 1974, humweka mrushaji nje miezi 12 hadi 18, na huko wanakofanya sana klabu ndiyo hulipa. Hapa nani atalipa?

Uzito: kilo 68 kwa sm 184 ni mwembamba. Gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ni kama 109 kwa siku. Mayai manne yanampa 24, samaki wa gramu 200 kama 40, nusu lita ya maziwa 16, sahani ya maharagwe au mbaazi 15. Zilizobaki zitatoka kwenye chapati na ugali. Poda za madukani si lazima, na nyingine zina vitu ambavyo vipimo vya dawa za MLB vitavikamata.

Barua_na_Viza

Mjomba, swali lako la pili: amalize KCSE. Nasema hivyo hata akifikisha 145 kesho.

Kwenda sekondari Marekani sasa kuna ukuta. Kwa viza ya mwanafunzi, F-1, shule ya umma humpokea kwa miezi 12 tu na lazima mlipe gharama yote. Shule binafsi haina kikomo hicho, ila ada yake ni mzigo. Njia ya chuo ni nafuu zaidi, na vyuo si vya aina moja.

Chuo cha miaka minne: mchezaji huchaguliwa kwenye drafti baada ya mwaka wa tatu, au akifikisha 21. Chuo cha miaka miwili chini ya NJCAA, shirika la michezo la vyuo hivyo: anaweza kuchaguliwa hata baada ya mwaka wa kwanza, na anaweza pia kuhamia chuo cha miaka minne. Kwa kijana aliyechelewa kuanza besiboli mimi naona hiki cha pili ndicho chake. Atapanda kilimani mara nyingi, badala ya kukaa benchi nyuma ya watu wa miaka 22. NJCAA daraja la kwanza huruhusu ufadhili wa ada, chumba na chakula. Daraja la tatu halina ufadhili wa michezo, na vyuo vya miaka miwili vya California pia havitoi. Kocha wa huko akikuandikia "tunamtaka", uliza daraja na nani analipa chumba.

Hata asipochaguliwa katika raundi 20, klabu yaweza kumsaini baadaye, bonasi hadi dola 150,000 bila kugusa mfuko wake wa drafti. Na asidhani mshahara wa ligi ndogo (ngazi za chini anakoanzia aliyesainiwa) ni utajiri. Mkataba wa 2023 uliweka dola 19,800 kwa mwaka katika ngazi ya chini kabisa ndani ya Marekani.

Video za kumtumia kocha ziwe fupi, dakika mbili au tatu. Mipira kumi toka nyuma ya mdakaji, kumi toka upande wa beisi ya kwanza kwa kuwa ni shoto, kisha zamu kamili za wapigaji wawili katika mechi, bila kukatwa. Muziki toeni. Andikeni tarehe, kasi, urefu, uzito, alama za shule. Mwandikieni kocha wa warushaji, si sanduku la barua la chuo.

Viza: chuo kikimkubali kitatoa fomu I-20 ya kuombea viza, lakini hakitoi kabla ya kuona fedha za mwaka wa kwanza, yaani gharama ukiondoa ufadhili. Kisha ada ya SEVIS (usajili wa wanafunzi wa kigeni) dola 350, ombi la viza dola 185 (hakikisheni kiwango siku ya kulipa), mahojiano Nairobi. Ajue kozi yake na kwa nini chuo hicho. F-1 ni viza ya mwanafunzi, na afisa atamuuliza masomo. KCSE ni Novemba na vyuo huanza Agosti, kwa hivyo miezi ipo, lakini miadi ya ubalozi hujaa.

Mjomba_Kisauni

Nimewaelewa. Kilima tutaanza mwezi huu, daftari leo. Je, kwenda Uganda kwenye mashindano kuna maana, au ni matembezi?

Mtazama_Straiki

Kuna maana kubwa. Maskauti waliosaini Waganda tayari wanaijua njia ya Kampala. Nauli ya basi toka Mombasa ni sehemu ndogo sana ya safari ya ng'ambo. Aende akiwa amepumzika siku nne, si siku ya pili baada ya mechi. Hana kitambulisho bado, kwa hivyo pasipoti na barua ya ridhaa ya wazazi.

Barua_na_Viza

Nimsaidie mwenzangu hapo kwenye karatasi. Mwaka 2011 timu ya watoto wa Uganda ilifuzu Kombe la Dunia la Little League ikanyimwa viza za Marekani kwa sababu tarehe za kuzaliwa zilikinzana. Mwaka uliofuata timu nyingine ya Uganda ikaenda, ya kwanza toka Afrika. MLB nayo huchunguza umri na utambulisho kabla ya mkataba wowote.

Kwetu pwani kasoro ni majina. Cheti cha kuzaliwa kina Mohamed, shule imeandika Mohammed, pasipoti ikatoka Muhammad, na jina la babu limetangulia la baba. Chukueni cheti cha kuzaliwa leo, mlinganishe herufi kwa herufi na rekodi ya shule, na mrekebishe kabla ya usajili wa KCSE kufungwa. Cheti cha mtihani kikishachapishwa na kosa, kulisahihisha ni kazi ndefu, na huenda mkawa bado mnahangaika nalo siku ambayo skauti amepiga simu.